Pete Tatu za Venisi: Ndoa, Hila na Jinsia katika Komedia ya Shakespeare na Filamu Yake

1.0 Utangulizi

Mwaka 1969 shirika la Oxford University Press lilichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya William Shakespeare iliyofanywa na Julius Kambarage Nyerere. Tafsiri hiyo iliifuata ile ya Julius Caesar iliyotoka mwaka 1963. Kwa kuwa mfasiri alikuwa Rais wa nchi, na Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, wahakiki wengi walivutwa na neno la kwanza la jina la kitabu. Neno bepari liliingia katika Kiswahili kutoka Kigujarati likiwa na maana ya mfanyabiashara. Siasa ya Ujamaa ndiyo iliyolikazia maana ya mwenye mtaji anayenufaika kwa jasho la wengine. Hivyo mjadala ukamwelekea Shylock, mkopeshaji Myahudi anayedai ratili moja ya nyama ya mdaiwa wake.

Mwelekeo huo una msingi, lakini umeacha kando nusu ya tamthilia. Katika mkusanyo wa kazi za Shakespeare uliochapishwa mwaka 1623, tamthilia hii iliwekwa katika kundi la komedia, na sababu yake ni ndoa. Portia anaolewa na Bassanio, mtumishi wake Nerissa anaolewa na Gratiano, na Jessica, binti wa Shylock, anatoroka na Lorenzo. Ndoa zote tatu zimefungamana na hila, na wanawake wote watatu huvaa mavazi ya kiume. Filamu iliyoongozwa na Michael Radford mwaka 2004, ambamo Al Pacino aliigiza kama Shylock na Lynn Collins kama Portia, iliurudisha mjadala huo mbele ya watazamaji wa dunia nzima.

Mhadhara huu unaichunguza tamthilia na filamu hiyo kwa jicho la isimu na historia. Hoja yake ni hii. Kiingereza humlazimisha msemaji kutaja jinsia kila anapotumia kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja, lakini kitenzi chake cha kufunga ndoa hutumika sawasawa kwa mume na kwa mke. Kiswahili kinafanya kinyume. Kiambishi a- hakimbagui mwanamume na mwanamke, ilhali kitenzi cha ndoa huwagawa wawili hao waziwazi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Anayeisoma komedia hii kwa Kiswahili huona mambo ambayo lugha yake ya asili huyaficha, na huanza kujiuliza ni nani hasa aliyemwoa mwenziwe katika Venisi.

2.0 Chanzo cha hadithi na badiliko la Shakespeare

Shakespeare hakuibuni hadithi hii. Sehemu yake kubwa imo katika mkusanyo wa hadithi za Kiitaliano uitwao Il Pecorone, ulioandikwa na Ser Giovanni Fiorentino katika karne ya 14 na kupigwa chapa huko Milan mwaka 1558. Humo bibi wa Belmonte ni mjane tajiri. Kila mwanamume anayefika bandarini kwake hutakiwa kulala naye usiku mmoja. Akiweza, atamwoa na kuwa bwana wa nchi. Akishindwa, atanyang'anywa merikebu na shehena yake. Siri ni kwamba mjane huwanywesha wageni wake mvinyo uliotiwa dawa ya usingizi. Kijana Giannetto hunaswa mara mbili, na mara ya tatu mjakazi humnong'oneza asinywe.

Katika hadithi hiyo mtega mtego ni mwanamke, naye anautega kwa faida yake mwenyewe. Shakespeare, aliyeandika tamthilia yake kati ya mwaka 1596 na 1598, aliiondoa dawa hiyo na kuweka mahali pake mtihani wa makasha matatu, ya dhahabu, fedha na risasi, uliojulikana Ulaya kupitia mkusanyo wa visa wa Kilatini uitwao Gesta Romanorum. Mjane akageuka msichana asiyeolewa bado, na mtego ukahamishiwa mikononi mwa marehemu baba yake, aliyeagiza katika wasia wake kwamba binti ataolewa na mwanamume atakayelichagua kasha lenye picha yake.

Badiliko hilo lina uzito. Mwandishi alimnyang'anya mwanamke hila ya mwanzo wa hadithi, akamwachia hila ya mwisho, yaani ile ya mavazi ya uwakili na pete, ambayo nayo imo katika Il Pecorone. Portia wa Shakespeare anaanza akiwa amefungwa na wasia wa mfu na kumaliza akiwa ameishika hatima ya wanaume wote waliomzunguka. Safari iliyo kati ya hali hizo mbili ndiyo historia ya jinsia katika tamthilia hii.

3.0 Kuoa, kuolewa na kuozwa

Mzizi -oa una familia ya vitenzi vinavyoweza kuieleza hali ya Portia kwa usahihi mkubwa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mzazi humwoza binti yake, na wawili wakitazamwa pamoja, husemwa kuwa wameoana. Katika familia hii mwanamke wa kawaida hana umbo la kutenda akiwa peke yake. Ama hutendwa na mume, ama hutendwa na mzazi. Msemaji wa Kiswahili akisema kwamba mwanamke fulani amemwoa mumewe, wasikilizaji watacheka au watakasirika, kwa kuwa umbo hilo ni la kejeli: humdhihaki mume anayetawaliwa nyumbani mwake.

Portia analalamika mapema kwamba hawezi kumchagua anayemtaka wala kumkataa asiyemtaka. Lalamiko hilo, ambalo kwa Kiingereza huhitaji maelezo, kwa Kiswahili limo tayari ndani ya sarufi. Anaozwa na baba aliyekwisha kufa. Wanaume wanaokuja kumposa hula kiapo kwamba wakikosea hawatamtaja mtu kasha walilolichagua, hawatamposa mwanamke mwingine maishani, na wataondoka mara moja. Kwa hiyo hata wachumba wamefungwa. Lakini wao wamejifunga kwa hiari, naye amefungwa kwa kuzaliwa binti.

Hapa pana jambo linaloweza kumpotosha msomaji wa Afrika Mashariki. Bassanio anamwendea rafiki yake Antonio kuomba fedha, na Antonio anakopa dukati 3,000 kwa Shylock ili kijana huyo akaposee. Msomaji aliyezoea mahari atadhani kwamba fedha hizo ni za kuwapa wazazi au kumpa bibi arusi. Sivyo. Ni gharama ya merikebu, mavazi, watumishi na zawadi, ili mposaji afanane na mtu wa hadhi ya nyumba anayoiendea. Mali ya ndoa yenyewe inatoka upande wa mke kwenda kwa mume. Bassanio ana madeni, na hafichi kwamba utajiri wa Portia ni sehemu ya mvuto wake. Hila ya kwanza ya tamthilia, basi, ni ya mwanamume: anajitokeza kwa mavazi ya kifahari aliyoyapata kwa fedha ya mkopo, kisha anashinda mtihani kwa kutoa hotuba dhidi ya mapambo ya nje yanayodanganya.

Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimfanya mume na mke kuwa mtu mmoja machoni pa mahakama, na mtu huyo alikuwa mume. Vitu vya mke visivyo ardhi vilikuwa vya mume mara ndoa ilipofungwa, na ardhi yake iliwekwa chini ya usimamizi wa mume. Ndiyo maana Portia, Bassanio anapofungua kasha la risasi, anamkabidhi nyumba, watumishi na nafsi yake, na kumwita kwa vyeo vya utawala. Kiswahili huyakusanya maana hayo katika neno moja, bwana, ambalo ni mume, mkuu na mmiliki kwa pamoja.

Hali hiyo ya kisheria ilidumu muda mrefu. Uingereza iliibadilisha kwa sheria za mali za wanawake walioolewa za mwaka 1870 na 1882. Sheria ya mwaka 1882 ilivuka bahari, ikatumika katika mahakama za Kenya hadi nchi hiyo ilipotunga Sheria ya Mali ya Wanandoa mwaka 2013. Kwa Waislamu wa pwani mambo yalikuwa tofauti tangu zamani: mahari ni haki ya mke mwenyewe, na mali yake haihamii kwa mume. Katika miji kama Mombasa wanawake walimiliki nyumba na kuziweka wakfu kwa majina yao katika enzi ambayo mke wa Kiingereza hakuweza kufanya hivyo bila ridhaa ya mumewe. Tanzania nayo, miaka miwili baada ya Mabepari wa Venisi kuchapishwa, ilipitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ilimpa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Hata hivyo, sheria hiyohiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe, na kumpa baba mamlaka ya kuridhia ndoa ya binti aliye chini ya miaka 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Kitenzi -oza, kwa hiyo, kimefikishwa mahakamani katika enzi yetu.

4.0 Mavazi ya kiume na kiambishi kisichosema jinsia

Portia aliyekabidhi kila kitu anachukua hatua yake ya kwanza bila kumwarifu mume. Anasikia kwamba Antonio ameshindwa kulipa na kwamba uhai wake uko hatarini. Anamtanguliza Bassanio Venisi, kisha anaazima mavazi na maelekezo ya jamaa yake, mwanasheria Bellario wa Padua, na kuingia mahakamani akijiita Balthazar.

Mwanamke hakuweza kuwa wakili katika Venisi ya wakati ule, wala London. Kizuizi hicho kiliendelea kwa zaidi ya miaka 300 baada ya Portia kubuniwa. Huko Turin, Lidia Poët aliandikishwa kuwa wakili mwaka 1883, na miezi michache baadaye mahakama ikalifuta jina lake kwa sababu ya jinsia yake. Italia na Uingereza zote mbili ziliwafungulia wanawake mlango wa uwakili kwa sheria za mwaka 1919. Portia, basi, hafanyi mzaha wa mavazi tu. Anaingia mahali ambapo sheria haimtambui, na humo anaisoma sheria kuliko wote: hati inataja nyama, haitaji damu. Wasikilizaji waliokulia katika visa vya Abunuwasi wataitambua mara moja hila ya namna hii, ya kumshinda mdai kwa kulishika neno lake kama alivyolitamka.

Katika ukumbi wa Shakespeare hila hiyo ilikuwa na tabaka tatu, kwa maana sehemu za wanawake ziliigizwa na wavulana. Mtazamaji wa London alimwona mvulana aliyejifanya mwanamke aliyejifanya mwanamume. Wanawake walianza kuigiza katika kumbi rasmi za Uingereza mwaka 1660 tu.

Kiisimu, Kiingereza kinamfanya kila mhusika katika chumba cha mahakama aseme uongo bila kujua. Kila anapotumia kiwakilishi cha kiume kumhusu Balthazar, amekosea. Kwa Kiswahili hakosei mtu. Mtawala akisema kijana huyu ana hekima, amesema kweli. Bassanio akisema mwanasheria ameokoa maisha ya rafiki yangu, amesema kweli. Majina kijana, mwanasheria, karani na mgeni, pamoja na viambishi a- na m-, humhifadhi Portia bila kumbadilisha. Ukweli wake haufutwi na mavazi. Unakaa ndani ya sarufi, ukingoja kutambuliwa.

Faida hiyo ina gharama. Mazungumzo ya Belmont mwishoni mwa tamthilia yanachekesha kwa sababu Bassanio anaapa kwamba hakumpa pete mwanamke yeyote, na Portia anajua kwamba alimpa. Kwa Kiingereza viwakilishi husaidia kuujenga mgongano huo. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuyaleta maneno mwanamke na mwanamume waziwazi, la sivyo Bassanio atasema nilimpa, na ukweli wa neno hilo utaua kichekesho. Hapo ndipo uhodari wa mfasiri hupimwa: ajue wakati wa kuiacha sarufi ifiche na wakati wa kuilazimisha iseme.

5.0 Pete na hati

Portia alipomkabidhi Bassanio mali yake, alimpa na pete, kwa sharti kwamba akiivua, akiipoteza au akiitoa, hiyo itakuwa dalili ya kufa kwa mapenzi. Nerissa alimpa Gratiano pete kwa namna hiyohiyo. Watazamaji huichukua kuwa ishara ya mapenzi, lakini katika tamthilia inayohusu hati na madeni pete hii ni mkataba. Sharti lipo, na adhabu ya kulivunja ipo.

Mahakamani, Bassanio anatamka kwamba yuko tayari kumtoa mkewe kafara ili Antonio aokoke, na Gratiano anasema maneno ya kufanana na hayo kuhusu mke wake. Wake wenyewe wamesimama pale, wamevaa kiume, wanasikia. Shylock, kwa kando, anashangazwa na waume wa namna hiyo, na kujuta kwamba binti yake ameolewa na mmoja wa watu hao. Baada ya hukumu, Balthazar anakataa malipo ya fedha na kuomba pete. Bassanio anakataa kwanza; Antonio anamsihi, na pete inapelekwa. Gratiano naye anampa karani pete yake.

Kwa hila hiyo Portia anamgeuza mumewe kuwa mdaiwa. Aliyekabidhiwa mali yote sasa amevunja sharti, na mke ndiye mwenye hati mkononi. Antonio, ambaye mwanzoni aliuweka mwili wake rehani kwa ajili ya Bassanio, anajitolea tena kuwa mdhamini, mara hii kwa roho yake, na Portia anamtumia yeye kuirudisha pete kidoleni mwa mumewe. Ndoa inafungwa mara ya pili. Mara ya kwanza Portia aliolewa kwa wasia wa baba. Mara ya pili anatoa masharti yeye mwenyewe, na shahidi ni mwanamume aliyekuwa mshindani wake katika mapenzi ya Bassanio.

6.0 Pete ya tatu na jicho la kamera

Pete ya tatu haitoki Belmont. Jessica alipotoroka na Lorenzo, akiwa amevaa mavazi ya mvulana, alichukua kasha la baba yake lenye dhahabu na vito. Baadaye Shylock anapata habari kwamba binti ametumia dukati 80 huko Genoa usiku mmoja, na kwamba ametoa pete ili apate kima. Pete hiyo, anasema baba, alipewa na Leah, mkewe, kabla hawajaoana, naye asingeitoa kwa msitu mzima wa kima.

Ni vigumu kupita mahali hapa bila kusimama. Waume wawili Wakristo, walioapa juzi, wamezitoa pete zao siku ya kwanza ya majaribu. Mjane Myahudi, ambaye komedia imemweka nje ya furaha yake, ndiye mume pekee aliyeitunza pete, na pete yake imetolewa na mtu mwingine. Shakespeare hakulisema hilo waziwazi, lakini alizipanga pete tatu mahali ambapo msomaji makini hawezi kuacha kuzilinganisha.

Filamu ya mwaka 2004 imeujenga mwisho wake juu ya jambo hilo. Inafungua kwa picha za mateso ya Wayahudi wa Venisi mwaka 1596, mji ambao tangu mwaka 1516 ulikuwa umewafungia katika mtaa wao wa geto. Baada ya hukumu, kamera inamwonyesha Shylock aliyelazimishwa kubatizwa akiwa amesimama nje ya sinagogi, milango ikifungwa mbele yake. Kisha, wengine wakiwa wameingia kitandani na wake zao, Jessica anaonekana peke yake kando ya maji akiitazama pete kidoleni mwake. Hakuitoa. Habari ya kima ilikuwa uvumi, au uongo, au fikra za baba aliyeumia.

Kamera imebadilisha pia hila ya Portia. Jukwaani, mavazi ya uwakili yanakubaliwa kwa mapatano kati ya waigizaji na hadhira. Filamu husogeza uso karibu, na Lynn Collins, mwenye masharubu na ndevu za kubandika, anatazamana na mume asiyemtambua. Mtazamaji hujiuliza ni mume wa namna gani asiyeyajua macho ya mkewe. Jibu la filamu ni kwamba Bassanio, chumbani mle, ana macho ya kumwona Antonio tu. Ikumbukwe kwamba sinema ilianza mapema kumpa mwanamke nafasi katika kazi hii: mwaka 1914, katika filamu isiyo na sauti iliyotengenezwa Marekani, Lois Weber aliigiza kama Portia na pia alikuwa mmoja wa waongozaji wawili. Filamu hiyo imepotea, lakini habari yake inatosha kuonyesha kwamba aliyevaa joho la wakili mbele ya kamera alikuwa pia ameshika mamlaka nyuma yake.

7.0 Hitimisho

Ndoa tatu za komedia hii zimejengwa juu ya hila, lakini hila hizo hazina uzito mmoja. Bassanio anadanganya kwa mavazi ili apate mali. Jessica anadanganya ili atoke nyumbani, na analipa kwa kumpoteza baba na watu wake. Portia anadanganya ili apate sauti katika ndoa iliyofungwa bila sauti yake.

Kiswahili kinaipa tamthilia hii mizani ya pekee. Kitenzi -olewa kinakumbusha mahali Portia alipoanzia, na kiambishi a- kinaonyesha kwamba akili iliyomshinda Shylock haikuhitaji jinsia. Kati ya vitenzi hivyo ipo kauli ya kutendana, -oana, ambayo haimweki mmoja juu ya mwenziwe. Bassanio na Portia waliifikia, kwa shida, usiku ule wa Belmont pete iliporudi. Shylock na Leah walikuwa wameifikia zamani, wala hapakuhitajika hila. Anayefasiri, anayefundisha au anayeitazama filamu hii mbele ya vijana wa Afrika Mashariki anapaswa kuwaachia swali ambalo Jessica, kando ya maji, analibeba kidoleni: katika Venisi ya mabepari, ni nani aliyejua thamani ya pete?